Marehemu wa Suruali ya Kahawia

Mama yangu hakununua nguo kabla ya kuihoji. Wanawake wenzake wa Manga walishuka sokoni Kebirigo, wakapapasa kitambaa, wakavutana na mchuuzi juu ya bei, wakapanda mlima kurudi kwao kabla jua halijawa kali. Mama aliomba kigoda. Aliilaza nguo mapajani, akaigeuza ndani nje, akanusa makwapa, akavuta mshono kwa meno, kisha akaiuliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza ndizi: nani alikushona, nani alikuvaa, na mbona alikuacha? Mimi niliyebeba kikapu nilisimama nyuma yake nikijifanya mtoto wa mtu mwingine.

Nguo haikujibu, lakini mama alikuwa na njia zake za kupata habari. Alipekua mifuko. Alichungulia pindo. Unywele mmoja uliokwama kwenye kola ulimtosha kujua umri wa mtu, tabia yake na kama alikuwa analala vizuri. Siku moja alilikataa gauni la maua lililonikaa vizuri ajabu, kwa sababu mwenye gauni, alisema, alikuwa mwanamke wa hasira. Alijuaje? Vifungo vya mbele vilikuwa vimeng'olewa kwa kuvutwa. Nililia kutoka Kebirigo mpaka nyumbani, na njia nzima mama alinieleza kwamba hasira inaambukiza kama upele.

Siku hizi nawasikia wajuzi wakisema kwamba mtu anunue nguo kwa dhamiri, ajue zilikotoka na nani aliumia kuzishona. Wanalisema kama jambo walilolivumbua wiki jana. Mimi dhamiri hiyo niliivaa mwilini miaka ile ya tisini, nayo ilikuwa na mikono miwili ya rangi tofauti. Sweta yangu ya shule mama aliifuma kwa nyuzi alizofumua kutoka sweta tatu kuukuu, zote za kijani, lakini kila moja na kijani chake. Mwalimu wa zamu alinitoa mstarini mara nyingi akitaka kujua niko shule gani hasa.

Nguo mpya nazo hazikupona. Kisii mjini kulikuwa na duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na mwenye duka alisema Ekegusii, lugha yetu, safi kuliko sisi watoto. Mama akishika shati jipya, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Hili alishona nani?"

"Kiwanda, mama."

"Ndani ya kiwanda kuna nani?"

"Watu wengi sana."

"Walikuwa wamekula?"

Mwenye duka alivua miwani. "Sijui, mama."

"Basi ukijua utaniita," mama alisema, akarudisha shati mahali pake, akanunua vifungo. Tulinunua vifungo vingi sana kwa mtu yule. Mwishowe akituona tunavuka barabara alikuwa anatoa sanduku la vifungo, analiweka mezani, na kujificha nyuma ya majora ya vitambaa mpaka tuondoke.

Na nguo ikishaingia kwetu haikutoka tena. Gauni la mama liligeuka blauzi ya dada, blauzi ya dada ikawa sketi yangu, sketi yangu ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho kabisa ikaingia ndani ya mto ambao baba alilalia akilalamika kwamba kuna kifungo kinamchoma sikio. Makoti ya kike ya siku zile yalikuja na mabega ya sponji, manene kama mikate. Mama aliyang'oa yote akayashona chini ya kamba za vikapu vya kuchumia majani chai ili zisitukate mabega. Tulikuwa familia pekee mlimani iliyochuma chai ikiwa na mabega ya wanawake wa ofisini.

Sasa nije kwenye suruali.

Ilikuwa kwa mchuuzi mmoja wa mitumba pale Kebirigo, mtu mcheshi kutoka upande wa ziwa, ambaye peke yake sokoni hakumwogopa mama. Aliiinua kutoka kwenye rundo kwa mikono miwili. Ilikuwa suruali ya sufu nzito, ya kahawia, yenye miraba midogo na miguu mipana ya mtindo wa zamani. Kiunoni dada yangu na mimi tungeingia pamoja tukabaki na nafasi ya mbuzi.

"Mama, hii ni kamera!" alisema. Kamera ndilo jina la nguo bora, zile zinazochaguliwa kwanza robota la mitumba likifunguliwa. "Gusa mwenyewe. Hii kitu imetoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali, mama. Mbali kabisa."

Siku nyingine jibu jembamba hivyo lingemletea mchuuzi taabu. Lakini mama alikuwa ameshaigusa ile sufu, na nilimwona usoni kwamba amekwisha. Akakaa kwenye kigoda, akaanza upelelezi, na ninaapa kwamba kila alichokipata kilikuwa mbele ya macho yetu sote.

Mfuko wa kulia ulikuwa na maganda membamba ya njugu.

"Mzungu mpenda njugu," mama alisema.

"Mama, si hata sisi tunakula njugu?" niliuliza.

"Nyamaza, nafikiri."

Mfuko wa kushoto ulikuwa na njiti ya kiberiti iliyochongwa ncha. Mzungu huyu, kwa hiyo, alikuwa na mapengo. Pindoni kulikuwa na vumbi jekundu. Mama alilimwaga kiganjani akalitazama kwa furaha kubwa. "Kumbe hata Ulaya kuna udongo kama wetu," alisema, na mchuuzi akakubali kwa kichwa. Halafu karibu na mfuko kulikuwa na tundu la zamani lililozibwa kwa uzi wa kijani, mishono midogo midogo iliyolala pamoja ikafanya umbo la jani. Mama alipitisha kidole pale mara nyingi. Yeye mwenyewe alikuwa na cherehani ya mkono barazani na alijua kushona, lakini kazi ile ilimshinda.

"Huyu alikuwa na mke," alisema. "Na mke alikuwa na mkono."

Likabaki swali la tatu, mbona aliiacha. Hapo mama hakusita. "Hakuiacha. Amekufa. Hakuna mwanamume wa kuiacha suruali kama hii akiwa hai."

Wengi kwetu waliamini mitumba yote ni nguo za wazungu waliokufa, na wengine waliziogopa. Mama hakuwa na shida na mtu kufa, mradi amekufa safi. Ila aliona ni utovu wa adabu kuvaa nguo ya mtu bila kumshukuru. Basi kila jioni kabla ya chakula, baada ya kuwaombea wagonjwa na mvua na ng'ombe wetu aliyekuwa na tabia mbaya, aliongeza: "Na marehemu wa suruali ya kahawia, umpumzishe. Na mkewe, popote alipo, umtie nguvu." Baba alisema amina huku jicho moja likiwa kwenye ugali. Nyanya, mama wa baba, aliyeishi nasi na kukaa kwenye kona yake karibu na moto, hakusema amina. Alisema hawezi kumwombea mtu ambaye mazishi yake yeye hakuyahudhuria.

Marehemu akaendelea kukua. Mama alisema alikuwa anaimba kanisani kwa sauti nzito. Dada akasema alikufa kwa kula chakula baridi. Baba, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, alitushangaza jioni moja kwa kusema kwamba marehemu alikuwa na mbwa. Tulimzoea. Kulipokuwa na baridi ya mwezi wa saba na uji wa wimbi unatoka jikoni, mmoja wetu lazima angesema, huu Mzungu wetu angeupenda.

Mama aliikata suruali akashona sketi ya vipande vinne, yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ikawa nguo yake ya heshima. Lile jani la kijani hakulificha. Alilipanga likae mbele, nyongani upande wa kulia, mahali pa kuonekana. Kazi ya mkono kama ule, alisema, haifichwi.

Zaidi ya mwaka ukapita. Dada yangu alikuwa mwalimu wa chekechea, na majirani walikuwa wameanza kumhurumia kwa sauti. Alikuwa amewahi kupata mchumba mmoja. Yule kijana alikuja kwetu amevaa jaketi jipya linalong'aa, mama akamuuliza limeshonwa na nani, kijana akasema hajui, na mama akamgeuza pale pale sebuleni akachungulia mshono wa mgongoni huku kijana akiwa ndani yake. Hakurudi. Tulisikia ameoa kwingine.

Wa pili alikuwa fundi wa redio kutoka Suneka, mrefu, mpole, na dada alimpenda mpaka akaivunja redio yetu mara mbili kwa makusudi ili aende kutengenezewa. Mambo yakaiva. Siku ikapangwa ya wazazi wake kuja kuzungumza habari ya ng'ombe. Wiki ile dada alimfuata mama shambani, nami nilikuwepo, akasimama katikati ya majani chai huku analia.

"Mama, nakuomba. Wakija, usimuulize mtu nguo yake. Hata mmoja. Huyu naye akienda, nitazeekea hapa nikivaa mapazia."

Mama alitaka kubisha, nilimwona. Kisha akamwangalia dada vizuri, akaweka kikapu chini, akaapa. Dada akapangusa machozi. "Na uvae ile sketi ya Mzungu," alisema. "Inakupendeza."

Wageni walifika na mshenga wao kabla ya saa sita, wakakuta wazee wetu wameshaketi na baba. Baba wa kijana, mwalimu mstaafu, aliingia mlangoni kwa ubavu. Alikuwa mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuona karibu, na alipoketi kiti chetu kilitoa mlio ambao baba aliufunika kwa kukohoa. Alivaa suruali ya kijivu iliyombana mpaka alikuwa anaivuta kila mara magotini ili damu ipite. Mkewe alikuwa mdogo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa, na alikaa upande wa wanawake bila kusema kitu. Fundi wa redio alikaa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake, na hakukiinua hata mara moja.

Lazima nieleze kwa nini. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Wakwe hukaa mbali kwa adabu. Kijana hamtazami mama mkwe wake. Wakwe hawaingiliani vyumbani, hawafanyiani mzaha, na nguo iliyogusa mwili wa mmoja haiwezi hata kidogo kugusa mwili wa mwingine. Ukivunja haya, wazee wanaweza kusimama, kuchukua kofia na fimbo zao, na ndoa ikaishia hapo hapo.

Yule mzee wa Suneka alitaka kuchangamsha baraza. "Mtanisamehe ninavyokaa," alisema. "Nilikuwa na suruali moja nzuri, suruali ya maisha yangu. Ikaibwa kwenye kamba. Na mwizi ninamjua, ni jirani yangu. Tulikuwa tunakwenda kanisani pamoja, siku hizi hata salamu simpi."

Mama alivuta pumzi. Maswali yalimjaa mdomoni, yalionekana kabisa mashavuni. Suruali gani? Ya kitambaa gani? Ilishonwa na nani? Kutoka nyuma ya mlango wa chumba cha ndani dada alikohoa kikohozi kirefu chenye maana, na mama akayameza yote.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa njugu, akaanza kutafuna. Alipomaliza akatoa njiti ya kiberiti iliyochongwa ncha, akajichokoa katika pengo.

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilitazama njugu. Nilitazama njiti. Nilitazama ukubwa wa yule mtu, kisha polepole nikageuka kumtazama mama, ambaye wakati huo alikuwa anasimama kugawa vikombe, na sketi yake ikamkunjukia mzee mbele ya uso, miraba yote na jani la kijani. Marehemu alikuwa amekaa sebuleni kwetu anachokoa meno. Nilimwaga chai kwenye kiatu cha mshenga wao.

Mzee aliacha kuchokoa. Macho yakamtoka. Mama alikwenda kulia, macho yakaenda kulia. Mama akarudi kushoto, nayo yakarudi. Akainama mbele ili aone vizuri, kiti kikalia tena. Na kwa kuwa hakuna mtu mwingine mle ndani aliyejua anachokitazama, watu wote waliona jambo moja tu: mkwe mtarajiwa, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, anazitazama nyonga za mama yangu. Baba aliweka kikombe chini.

Mama, ambaye hakuwa ameona lolote, alikwenda jikoni kupakua kuku. Mke wa mzee akamfuata mbio, nami nikawafuata wote wawili kwa sababu sikutaka kubaki. Pale jikoni yule mama alisimama akisokota leso yake.

"Mama, hiyo sketi uliipata wapi?"

Mimi nimemjua mama yangu maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiwa na furaha vile. Hatimaye mtu alimuuliza yeye! Akaweka mwiko chini akasimulia yote. Mzungu mnene, mpenda njugu, mwenye mapengo. Uimbaji wake. Mbwa wake. Jinsi alivyokufa kwa chakula baridi. Na huyu mke wake, alisema akipitisha kidole juu ya jani la kijani, huyu mke alikuwa na mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine, natamani ningekutana naye.

Yule mama alikuwa ameanza kulia. "Hajafa," alisema.

"Nani?"

"Mzungu wako. Amekaa pale ndani anangoja kuku."

Mama alishika ukingo wa meza. Nyanya, katika kona yake, alisema, "Nilijua," jambo ambalo halikuwa kweli.

Ikatoka yote, haraka haraka. Mchuuzi wa mabeseni alipita Suneka, mmoja wa wale wanaobadilishana vyombo kwa nguo kuukuu. Yule mama akaitoa suruali kwenye kamba ikiwa bado na unyevu, akapewa mabeseni mawili. Mume alipouliza, yeye akasema hajui iliko. Mume akamkumbuka jirani aliyewahi kuisifia. Basi. "Mama, nisaidie," alisema. "Ukiulizwa, sema uliinunua kwa mwizi. Ni neno moja tu. Watoto wataoana, nami nitakufa na siri yangu."

"Na jirani?" mama aliuliza.

Yule mama alijifuta macho kwa leso. Na sebuleni tukasikia sauti ya baba yangu, yule mtu wa maneno kumi kwa siku, ikipanda: "Mzee, naomba uniambie macho yako yanatafuta nini kwa mke wangu!" Viti vikasogezwa. Fimbo ikagonga sakafu. Nyuma ya mlango wa chumba cha ndani dada alitoa sauti ndogo ambayo bado ninaikumbuka, na ghafla sikuona tena cha kuchekesha. Niliogopa kwamba watakwenda, na kwamba nitamsikia akilia vile kila siku.

Mama alirudi sebuleni na kuku mkononi. Wageni walikuwa wamesimama, kofia tayari kichwani. Akamweka kuku mezani.

"Mzee, unaitazama sketi hii."

"Naitazama suruali yangu," alisema mzee.

Watu walikuwa wanalielewa jambo lile polepole, mmoja mmoja. Mama mkwe wa mtoto wake, mbele ya wazee, ndani ya suruali yake. Mshenga akaketi chini bila kutafuta kiti. Fundi wa redio alizidi kuinama mpaka nikadhani ataanguka.

"Niliinunua Kebirigo," mama alisema. "Mimi ninayewauliza watu wote, hii sikuiuliza vizuri kwa sababu niliitaka. Nilikuta njugu zako, nikakuta udongo wetu wenyewe, nikasema ni Ulaya. Nimekuombea kila jioni zaidi ya mwaka mmoja upumzike kwa amani. Naona aibu. Lakini iliibwa au haikuibwa, hilo si langu kulisema."

Na hapo akatazama mlango wa jikoni. Angeweza kusema lile neno moja. Dada alikuwa anasikia, ndoa ilikuwa pale pale mlangoni, na mama alinyamaza tu. Nilimkasirikia kiasi cha kutaka kumkanyaga.

"Haikuibwa." Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Niliitoa mimi. Kwa beseni."

"Kwa beseni?" mzee alisema.

"Mawili. Moja lina maua."

Mzee alifikiri. "Lile la bluu? Ninaloogea?"

"Hilo hilo."

"Ninaoga ndani ya suruali yangu?"

Mtu mmoja upande wa wageni alitoa mlio puani. Mke wake hakucheka. "Miaka ishirini na mitatu wewe umeivaa Jumapili na mimi nimeifua Jumatatu. Kila mtu anakwambia, mwalimu, suruali safi hiyo. Ikilowa ni nzito kama ndama. Uliwahi kuninyanyulia mara moja? Uliwahi kuniuliza mgongo?"

Mzee alimtazama mkewe, akaitazama mikono yake mikubwa, na uso wake mpana ukaanza kubadilika. Nilidhani atapiga kelele. Alivua kofia.

"Sikukuuliza," alisema. Kisha akaongeza, "Na jirani yangu, Mungu wangu. Mwaka mzima." Akamgeukia baba. "Tuketi, tafadhali. Tumalize habari ya ng'ombe upesi. Mtakachosema nakubali. Nina mahali pa kupitia kabla jua halijatua."

Wazee wetu waliokuwa wamejiandaa kwa mabishano ya kutwa nzima walichanganyikiwa kabisa. Mambo yakaisha kuku akiwa bado moto. Dada alitoka chumbani macho yamevimba, akamimina chai, na fundi wa redio akainua kichwa kwa mara ya kwanza akamtazama yeye.

Ikabaki sketi. Mama alikwenda kujifunga leso, akairudisha imekunjwa, akaiweka juu ya kigoda katikati ya chumba, na hapo ikakaa. Mama hangeweza kuivaa tena. Mzee hangeweza kuichukua, maana ilikwisha kuvaliwa na mkwe. Hakuna aliyetaka kuigusa hata kwa fimbo. Ni nyanya aliyekata shauri kwa sauti kutoka kwenye kona yake jikoni. Chinsoni ni ya wazazi, alisema. Mjukuu na babu hawana aibu baina yao, wanataniana, wanalala kitanda kimoja. Nguo hiyo ingojee mjukuu. Sasa mnaweza kunipa kidari?

Jumanne iliyofuata mama alimwendea yule mchuuzi wa Kebirigo akiwa amewaka. Mchuuzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama," alisema, "si nilikwambia imetoka mbali? Kutoka hapa mpaka Suneka si mbali?"

Mama akanunua kigauni. Kabla ya kukinunua alikiuliza maswali manne. La nne lilikuwa geni kwangu: nani alikuwa anakufua? Jioni ile alimuuliza baba swali hilo hilo juu ya koti lake, na siku chache baadaye mlima mzima ulikuja kumtazama baba akiwa mtoni na sabuni, amenuna.

Mwaka uliofuata dada alijifungua mtoto wa kiume. Mama akaifumua sketi, akashona kaptula mbili za sufu, na lile jani la kijani akaliweka kwenye moja, makalioni, katikati. Mtoto alipoanza kutembea nilikwenda Suneka kuwasalimu. Niliwakuta uani. Babu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la bluu lenye maua, mikono imezama mpaka viwiko, anafua kaptula na kulalamika kwamba maji ni baridi. Jirani yake alikuwa amekaa karibu anakula njugu na kumcheka. Mjukuu alikuwa uchi anasubiri. Na bibi alikuwa kwenye kiti kizuri, kile cha mzee, miguu ameinyosha.

"Hapo penye kijani sugua polepole," alikuwa anamwambia. "Hiyo ni kazi yangu."